Mama Yuko Nje ya Dirisha

Juzi nilikwenda kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu. Mvua ilikuwa imetupiga wote njiani, na darasa lilijaa harufu ya vumbi la chaki iliyochanganyika na nguo mbichi za watu wazima waliobanwa kwenye madawati ya watoto. Mwalimu akauliza kama kuna mzazi mwenye swali. Nikauliza kuhusu kazi za nyumbani. Nikauliza kuhusu viboko, kuhusu michango ya uji, na kwa nini hesabu hufundishwa mchana wakati watoto wanasinzia. Nilipofungua mdomo tena, baba mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Kaka, tuachie na sisi kidogo." Binti yake ndiye anayeongoza darasa hilo. Nilimgeukia na kumtazama kwa wivu ambao mtu wa umri wangu, mwenye shahada na kitambi, hakupaswa kuwa nao. Tuliporudi nyumbani mwanangu akaniambia kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa, "Baba, siku nyingine aje mama."

Nimewahi kualikwa kuzungumza mbele ya walimu kuhusu ushirikiano wa shule na nyumbani. Nilizungumza vizuri, nikapigiwa makofi, nikapewa soda. Sikuwaambia kwamba machache ninayoyajua kuhusu jambo hilo niliyapata darasa la nne, wala kwamba niliyapata kwa kumwonea kijicho Zuhura, msichana niliyekaa naye dawati moja. Kama nanyi mlikuwa watoto miaka ile ya kubeba ufagio na kidumu cha maji kwenda shule, huenda mna Zuhura wenu.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Makwale, kati ya mpunga na miti ya kakao. Baba alikuwa Tukuyu kwenye mashamba ya chai, na alikuja nyumbani kwa sikukuu na misiba tu, kwa hiyo mambo ya shule yaliachiwa mama. Shida ni kwamba mama hakukanyaga shuleni. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza alikuja, nakumbuka, na darasa la pili alikuja kuuliza kwa nini nimerudi na sikio limevimba. Lakini tangu nilipoingia darasa la nne na kupata mwalimu mpya, Mwalimu Ambakisye, mama aliacha kabisa. Akifika kwenye ua wa michongoma uliozunguka shule, anasimama, ananipa kiporo changu kilichofungwa kwenye jani la mgomba, na kugeuka kama mtu aliyesahau sufuria motoni.

Mama Zuhura alikanyaga kwa niaba ya wilaya nzima. Alikuwa na duka pale njia inapogawanyika, na mumewe alinunua kakao ya wakulima. Alizaliwa Tanga, na Kiswahili kilimtoka mdomoni kikiwa kimeshapigwa pasi, wakati chetu sisi, tuliotoka kwenye Kinyakyusa asubuhi hiyohiyo, kilikuwa bado na mikunjo. Alikuja siku yoyote, saa yoyote, harufu ya udi ikimtangulia.

"Hodi hodi, walimu wangu! Zuhura wangu vipi? Anasumbua? Akileta ujeuri usimstahi, Mwalimu, niambie mimi nitamtengeneza."

"Hana ujeuri, Mama Zuhura."

"Basi ana nini? Maana nyumbani kijiko tu hataki kuosha."

Darasa zima lilicheka, na Mwalimu Ambakisye, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alishusha miwani yake kidogo. Kisha Mama Zuhura alipita katikati ya madawati, akafika kwetu, akashika ncha ya mtandio wake na kumfuta Zuhura kamasi mbele ya kila mtu. Zuhura alikunja uso. Mimi nilikuwa na pua ileile, na kamasi ileile ya masika, nikakaa karibu kabisa na mtandio ule nikingoja. Haukunifikia.

Wivu wa mtoto hauna adabu. Sikutaka viatu vya Zuhura, ingawa vilikuwa na kamba mpya, wala maandazi yake. Nilitaka mtu aje mlangoni na kusema "wangu vipi?" na Mwalimu ajibu kwa sauti wote wasikie.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kutaka hivyo, na hiyo sikumwambia mtu. Nilikuwa sijui kusoma.

Mtanishangaa, lakini walimu wanaosoma haya hawatashangaa hata kidogo. Wamekutana na mimi mara nyingi. Darasa lilijaa hadi madirishani, na tulisoma kwa pamoja, kwa kuimba. Katika kuimba mtu anaweza kujificha kama panya kwenye majani ya mpunga. Zuhura akisoma ukurasa mara moja, mimi nimeshaushika kichwani, pamoja na pumzi zake. Na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wote. Chochote kilichoandikwa ubaoni nilikihamisha kwenye daftari kilivyo, na mikia ya herufi ikiwa imekaa sawa. Mwalimu aliwahi kulinyanyua daftari langu juu na kusema, "Tazameni usafi." Sikujua ni usafi wa neno gani.

Kisha Mwalimu akatangaza kwamba mwisho wa mwaka si wote watakaopanda darasa la tano. Wengine watabaki kurudia. Wazazi wataitwa darasani, kila mmoja ataambiwa habari za mtoto wake mbele ya wenzake, na ajibu mwenyewe kwa mdomo wake. "Sitaki shangazi, sitaki jirani," alisema. Darasa la tatu alikuwapo mdogo wangu Bupe. Nikibaki, Bupe atapanda na kunikuta.

"Kaka," aliniambia Bupe jioni hiyohiyo, kwa furaha ambayo hata leo sijamsamehe vizuri, "ukirudia, utakaa nyuma yangu au mbele?"

Ndipo likatokea jambo la kengele. Mwalimu Ambakisye alikuwa na baiskeli yenye kengele kali. Siku moja mimi na mama tulikuwa tunatoka kisimani, yeye na ndoo kichwani, mimi na kidumu changu. Kengele ikalia mbali, kabla baiskeli haijaonekana kwenye kona. Mama alitoka njiani kama aliyeona nyoka. Aliingia kwenye kakao na ndoo yake, akapiga magoti kwenye majani makavu, akageuza mgongo, akavuta kanga hadi usoni. Maji yakammwagikia begani. Mwalimu akapita akitazama upande wa mpunga, akakohoa, akapiga kengele tena ingawa njia ilikuwa tupu.

"Mugonile, Mwalimu," nikaamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," akajibu bila kusimama.

Alipopotea nikamfuata mama kwenye kakao. "Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka. Shika kidumu chako."

"Mbona umejificha?"

"Mambo ya wakubwa hayo."

Nilitembea nyuma yake nikitazama kanga yake iliyolowa, nikaelewa kila kitu, kwa namna ambavyo mtoto wa darasa la nne huelewa kila kitu. Mwalimu alikuwa ameshajua kwamba sisomi. Alikuwa amemwambia mama. Na mama alikuwa ananionea aibu kiasi kwamba alikuwa tayari kupiga magoti kwenye majani, alimradi asikutane na mtu aliyemjua mwanawe. Mama Zuhura angesikia kengele ile angesimama katikati ya njia na kuishika baiskeli usukani.

Mambo yakazidi. Tulipovuna, mama alipepeta mchele uliokuwa mzuri kuliko wote, ule unaonukia hata kabla haujapikwa, akajaza kikapu, akanipeleka nao dukani kwa Mama Zuhura. Hakuuza. Alitoa tu. Wakakaa nyuma ya kaunta wakinong'ona, kisha mama akamwita Zuhura.

"Njoo mwanangu, nisomee hapa."

Mwanangu! Alikuwa ameokota kipande cha gazeti la kufungia sukari. Zuhura akasoma. Alisoma vibaya: alikwama, akarudi nyuma, akaruka neno, akalirudia. Mama aliinama kumsikiliza, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri zinazokufa. Mimi mama hakuwahi kunisikiliza hivyo. Nilisimama na kikapu kitupu nikiomba Zuhura apatwe na kwikwi.

"Ndaga, mwanangu," mama akamshukuru. Kisha akaligeuza gazeti upande wa pili, akanigeukia. "Na wewe."

Nikalichukua gazeti. Palikuwa na picha ya mwanamume mwenye tai. Nikajua wenye tai wanasema nini, maana redio ya jirani ilikuwa ikiwatangaza kila siku. Nikasimama wima na kutiririka: "Waziri amewataka wananchi wote kulima kwa bidii na kutunza mazingira, akaongeza kwamba serikali itahakikisha pembejeo zinafika kwa wakati."

Mama Zuhura, aliyekuwa akipima sukari na hakuliona gazeti, alipiga makofi. "Mashaallah! Mama Lusajo, una mtangazaji ndani ya nyumba!"

Mama hakucheka. Alilichukua gazeti, akalitazama kwa muda, akalikunja na kulirudisha mezani. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na lile lilikuwa tangazo la msiba.

Usiku ule sikula. Niliamini mama ameamua. Mchele bora umekwenda kwa Zuhura, neno "mwanangu" limekwenda kwa Zuhura, kilichobaki ni kunihamisha mimi nikakae stoo.

Sasa ngoja nieleze walichoacha kunieleza, maana jambo lenyewe ni rahisi, na ndiyo sababu hakuna aliyefikiri linahitaji maelezo. Mwalimu Ambakisye alikuwa babu yangu mdogo, mdogo wake babu mzaa baba. Alikuwa amefundisha mbali, upande wa Sumbawanga, na mwaka ule ndipo alipohamishiwa kwetu. Mimi nilijua ni babu, kwa sababu aliniita siku ya kwanza na kunionya: "Hapa mimi ni Mwalimu. Babu ni nyumbani." Lakini nyumbani hakuja hata siku moja, kwa hiyo alibaki kuwa babu wa mahali asipofika.

Hakuja kwa sababu ya mama. Kwetu, mkamwana humwogopa baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hakai alipokaa, akimsikia njiani anatoka njiani. Na ndugu za baba mkwe nao ni baba wakwe vilevile, hata kama wamevaa miwani na wana kipindi cha hesabu. Babu mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo sikuwahi kumwona mama akimkimbia mtu. Ile kengele, niliyoisikia kama ya kumfukuza kuku, ilikuwa heshima. Mwalimu aliipiga mbali ili mama apate nafasi ya kujificha bila kukimbia. Na mchele ule ulikuwa wa kumshukuru Mama Zuhura, kwa sababu kila alipokuja shuleni na kuuliza "Zuhura wangu vipi?" alikuwa akibaki baadaye mlangoni na kuuliza, kwa sauti ndogo, "Na yule wa mwenzangu?" Jibu alilopewa lilikuwa lilelile: mtoto hana shida, mwandiko safi.

Mama hakuliamini jibu hilo. Lakini angemwambia nani, naye mwenye kuambiwa ndiye asiyeruhusiwa kumwona?

Siku ya kikao mvua ilinyesha alfajiri ikaacha. Wazazi walikaa kwenye madawati, sisi watoto tukapangwa ukutani. Mama Zuhura alikuwa mbele kabisa, baibui jipya, mkoba magotini. Nilipochungulia dirishani nikaona kitenge cha mama, chini, upande wa nje. Alikuwa amekaa juu ya tofali, mgongo kwenye ukuta wa darasa, uso kwenye miti ya kakao. Amekuja, nikawaza, na bado anajificha.

Majina yakaitwa. Huyu anapanda, huyu anabaki. Baba mmoja aliomba wake abaki ili aendelee kurudi mapema kuamia ndege kwenye mpunga, akafokewa. Zuhura alipanda, na mama yake akapiga kigelegele kilichowaamsha popo darini. Kisha:

"Lusajo. Mzazi wake?"

Watu waliijua hali, wakatazama miguu yao.

Mama Zuhura akainuka. "Mwalimu wangu, mzazi yupo. Yuko hapo nje ya dirisha. Kaniomba mimi niwe mdomo wake."

"Mimi sijamwona mtu," Mwalimu akasema akitazama mabati.

"Ndiyo, hujamwona. Lakini yupo."

Wazazi wakacheka chinichini. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Sheria yake ya mdomo kwa mdomo ilikuwa imekutana na sheria nyingine, kongwe kuliko shule.

"Basi huyo ambaye sijamwona aambiwe hivi. Mtoto wake anapanda. Si mwepesi wa kujibu maswali, lakini daftari ni safi na mwandiko ni wa kwanza. Aambiwe hivyo."

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Nilimtazama Zuhura aliyekuwa kando yangu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuona chochote chake ninachokitaka.

Mama Zuhura akaenda dirishani kupeleka habari, ingawa kila neno lilikuwa limesikika huko nje mpaka barabarani. Akainama, akanong'ona. Mnong'ono ukarudi, mrefu kuliko ule uliokwenda. Mama Zuhura akatikisa kichwa. "Hapana shoga," tukamsikia, "hilo mimi silisemi." Mnong'ono tena. "Silisemi, wallahi, mtoto mwenyewe yupo hapa anatutazama." Kisha akageuka na tabasamu lake la dukani.

"Anashukuru sana, Mwalimu. Anasema ndaga fijo."

"Sikusema hivyo."

Sauti ilitoka nje, haikuwa kubwa. Lakini hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani. Bibi mmoja aliyetoka Busale kwa ajili ya mjukuu wake alijifunika mdomo kwa kanga. Mkamwana amesema, na baba mkwe amesikia, na mbele ya watu. Mwalimu Ambakisye aligeuka haraka akaukabili ubao, na sasa ikawa migongo miwili, wake ndani na wa mama nje, na ukuta katikati.

"Huyo mtu anasema nini?" Mwalimu akauuliza ubao.

"Nasema mtoto hajui kusoma," mama akaiambia miti ya kakao.

"Mtoto anaandika vizuri kuliko mimi!"

"Anachora, tata," akasema, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Mpe kitabu, atakusomea bila kujikwaa hata mahali pamoja. Mtoto wa darasa la nne asiyejikwaa yuko wapi? Huyu Zuhura anajikwaa, kwa sababu anasoma. Wangu anaimba. Mrudishe, tata. Abaki."

"Sasa hapo mimi nimesifiwa au nimetukanwa?" Mama Zuhura akauliza.

Mwalimu akachukua chaki. Aliandika polepole, akitumia muda mrefu, nadhani, ili apate kufikiri. "Lusajo. Njoo usome."

Nilisogea. Nyuma yangu nikasikia pumzi ya Zuhura, ile iliyonisomea mwaka mzima, ikijiandaa. "Zuhura, tazama chini," Mwalimu akasema bila kugeuka. Nikabaki na ubao. Kila herufi niliifahamu kwa umbo. Ningeweza kuinakili gizani. Nikakumbuka kwamba kilichoandikwa ubaoni, juu kabisa, huwa ni siku. Nikavuta pumzi nikasema kwa sauti ya redio:

"Leo ni Ijumaa."

Ilikuwa kweli Ijumaa, naomba hilo lizingatiwe. Lakini hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua. Mwalimu aliifuta sentensi kwa kiganja chake mwenyewe, haraka, kama mtu anayefuta kitu kilichomwagika. Zuhura ndiye aliyeniambia baadaye, kwenye bomba, bila kuulizwa: "Paliandikwa, 'Mama yako yuko nje.'"

"Anabaki," Mwalimu akauambia ubao. "Huyo mtu aambiwe anabaki."

Safari hii Mama Zuhura hakwenda dirishani.

Nilirudi nyumbani nyuma ya mama, mbali kiasi cha kutosha watu wasidhani tuko pamoja. Nilikuwa nimeelewa tena kila kitu. Mama alikuwa na woga mkubwa kuliko woga wote, nilikuwa nimeuona ukimpigisha magoti kwenye majani, na siku alipopata ujasiri wa kuuvunja, aliuvunja ili anishushe. Mama Zuhura alikuwa mtu baki, lakini alisimama dirishani akadanganya kwa ajili yangu. Je, angedanganya kiasi gani kwa ajili ya wake? Nilimwonea Zuhura wivu wa kuwa na mama mwongo. Hata leo, nikiwa naulizwa na wazazi wenzangu kama ni sawa mtoto kurudia darasa, najikuta natafuta jibu la kitaalamu ili nisiseme nilichohisi siku ile.

Mama alilipia kinywa chake. Shangazi zangu walikuja wakakaa mkekani bila kugusa chai. Alitakiwa kupeleka kuku kwa ukoo kuomba radhi, akapeleka. Kwa muda mrefu wanawake wenzake kanisani walimwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Nilipomwuliza kwa hasira kama sasa ameridhika, alinijibu akiwa anachochea moto, "Bado."

Mwaka mpya ulipoanza, Zuhura aliingia darasa la tano akiwa na kamba mpya za viatu, na mimi nikarudi kwenye dawati langu la zamani. Bupe alikuja na begi lake, akasimama, akasema, "Babu, sogea." Darasa zima likaniita Babu hadi masika. Mwalimu alikataza, lakini nilimwona akishusha miwani.

Kila siku baada ya masomo alinibakiza. Alikaa mezani kwake, mimi kwenye benchi la mbele na kitabu cha darasa la kwanza. Siku ya kwanza tulipoanza nilisikia kikohozi cha Mwalimu, kirefu, cha makusudi, na kule nje kitu kikaburuzwa ukutani. Mama alikuwa ameleta ungo wake wa karanga. Alikaa juu ya tofali lilelile, mgongo kwetu, akimenya. Hawakuzungumza tena, yeye na Mwalimu, wala sijui kama waliwahi kuzungumza hadi mzee alipostaafu. Lakini nikianza kuimba badala ya kusoma, ungo uligonga ukuta. Mwalimu alisema tu, "Umesikia. Rudia." Watu wawili ambao hawakuwahi kuonana uso kwa uso walikubaliana juu yangu kuliko wazazi na walimu wote niliowaona baadaye wakipeana mikono. Hata hilo niliwaonea wivu; lilikuwa jambo lao, na mimi nilikuwa katikati yake kama karanga.

Siku moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, darasa la tano walichelewa kutoka. Zuhura alipita na madaftari kichwani, akasimama mlangoni. Mwalimu alikuwa amesogea kwenye kabati akitafuta chaki.

"Yule nje ni mama yako?" akaninong'oneza.

"Ndiye."

"Anafanya nini?"

"Ananisikiliza."

"Kila siku?"

"Kila siku. Labda mvua iwe kubwa."

Zuhura akabadilisha mguu wa kusimamia. "Mama yangu huniuliza nimekuwa wa ngapi. Nikishamwambia anarudi dukani."

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza." Alilisema kama mtu anayesema ana malaria.

Akatazama dirishani, palipoonekana upande wa kichwa cha mama na mkono wake ukipanda na kushuka juu ya karanga. Niliujua ule mtazamo. Nilikuwa nimeuvaa mwaka mzima nikitazama ncha ya mtandio, na ningeweza kuuchora nikiwa nimefumba macho. Mtoto mwema angemwonea huruma. Angemwambia, ingia basi, ukae.

"Lusajo," Mwalimu akasema, "tunakusubiri."

Nilijisogeza kidogo kwenye benchi, ili kichwa changu kisimzibie Zuhura dirisha, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikaanza kujikwaa kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza.